Disketi Iliyokaa Darini

Vumbi la Karatu ni jekundu na halichagui. Huingia kwenye unga, kwenye vitabu vya nyimbo vya kanisani, kwenye masikio ya watoto waliokwisha kuoga. Miaka ile ya themanini liliingia pia katika mashine iliyoletwa ofisini kwetu, kwenye mradi wa mifugo, kompyuta ya kwanza niliyoiona kwa macho yangu. Kila jioni tuliifunika kwa kitenge kikuukuu cha mama yangu, tukakipenyeza pembeni kama mtu anavyomfunika mtoto mwenye homa.

Tulioifanyia kazi tulikuwa wawili. Mimi nilikuwa binti wa wakulima wa Ganako, nimemaliza kidato cha sita, kichwani nimejaa riwaya ambazo sijaziandika. Mwenzangu alikuwa bwana mifugo kijana, mzaliwa wa Kakesio, kule nyuma ya kreta wanakokwenda watalii, ambako watu huhama na nyasi. Mtaalamu kutoka Dar es Salaam aliileta mashine, akatufundisha lugha yake kwa wiki chache, akaondoka. Tukabaki na jenereta iliyokosa dizeli mara kwa mara, boksi dogo la disketi, na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya sotoka. Tauni ile ya ng'ombe ilikuwa inanyemelea, na chanjo ilikuwa haba kama sukari. Ng'ombe aliyekwisha kuchanjwa hakuhitaji sindano ya pili, kwa hiyo ilibidi tujue ni boma gani lilipata chanjo, na mwaka gani. Lakini mzee wa Kakesio ukimwuliza mwaka hakutajii namba. Anakwambia ni mwaka nyasi zilipoota mara mbili. Ukienda Arash, mwaka huohuo wanauita mwaka wa punda kufa. Ukirudi Ganako, mama yangu anauita mwaka ngano ilipolala shambani. Wote wanasema kweli, na mashine haikumwelewa hata mmoja.

Mwenzangu ndiye aliyeifanya iwaelewe. Kila alipokwenda kwao likizo alikaa na bibi yake mzaa baba, akamwuliza miaka mmoja baada ya mwingine, akarudi nayo Karatu. Akaandika kipande cha programu ambacho ukikitajia mwaka kwa jina lake la nyumbani kinakurudishia mwaka wa kalenda, na ukikitajia na msimu, kama ni mvua za vuli au za masika, kinakurudishia hata mwezi. Alikitengeneza taratibu, mstari kwa mstari, uso umekaribia kugusa kioo.

Uso ulikaribia kioo kwa sababu ya macho. Aliugua vikope tangu utotoni, kama wengi wa kwao. Kope zilikuwa zimegeuka ndani zikawa zinachuna mboni. Alitembea na koleo dogo la chuma shingoni, na mara kwa mara aliinamisha kichwa, akang'oa kope moja, akapangusa chozi, akaendelea kuandika.

Tulikuwa na vipande vingine pia, vyake na vyangu: cha kupanga majina kwa alfabeti, cha kuchora meza za takwimu kwenye karatasi. Maana kila kata ilikuwa na programu yake, lakini programu zote zilihitaji mambo yaleyale, na ni upumbavu kuandika jambo moja kila siku kama adhabu ya shule. Tulikubaliana vipande vyote vianzie mstari wa elfu tisa kwenda juu, ili vikiitwa na programu yoyote viingie bila kukanyaga mistari iliyomo. Na juu ya kila kipande alichokitengeneza, mwenzangu aliweka mstari mmoja usiofanya kazi yoyote: mistari miwili ya mshazari na bano moja la kufunga. Ilikuwa chapa ya ng'ombe wa baba yake.

"Mashine inairuka tu," nilimwambia mara ya kwanza.

"Na fisi pia hasomi chapa," akajibu. "Lakini mwenye ng'ombe anasoma."

Basi likaja swali la mahali pa kuviweka.

Mashine ilikuwa na midomo miwili. Katika mdomo wa juu ilikaa disketi ya lugha, ile iliyoletwa na mtaalamu, ambayo bila hiyo mashine inaamka bubu. Mdomo wa chini tuliweka disketi ya kata tunayoishughulikia. Mashine ikitafuta kitu hutazama kwanza juu, bila kuambiwa. Kwangu jibu lilikuwa wazi.

"Tuviweke kwenye disketi ya lugha," nikasema. "Nafasi ipo. Tukiita kipande, kinakuja papo hapo."

"Ile si nyumba yetu."

"Nyumba ya nani?"

"Ya mgeni. Siku akija kuifagia atajuaje kwamba kuna ndama wetu ndani?"

"Mtaalamu? Yule huja anakaa siku mbili, na moja yake anakwenda kuangalia faru."

"Siku mbili zinatosha kufagia."

"Ninyi Wamasai mnaona wezi kila mahali!"

"Si wezi wenyewe tulikuwa sisi," akasema, akacheka mpaka macho yakamtoka machozi ya kweli. "Na ninyi Wairaqw? Mlichimba nyumba ndani ya kilima, mkaotesha nyasi juu ya paa, ili babu yangu apite asione ng'ombe. Bibi yako angenielewa mimi kuliko anavyokuelewa wewe."

Alisema kweli. Bibi yangu alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo.

Tukafika katikati. Vipande vikae kwenye disketi ya lugha kwa matumizi ya kila siku, kwa sababu mimi nilitaka wepesi; na vikae pia peke yao kwenye disketi moja ambayo haitaingia lugha wala kata yoyote, kwa sababu yeye alitaka usalama. Zaidi ya hapo hatukuweza, boksi lilikuwa limebaki na disketi za kuhesabu kwa vidole. Disketi hiyo ya peke yake isilale ofisini, paa lilivuja na ukungu wa mlimani ulishuka mpaka kwenye madroo. Kakesio ni mbali. Ilibaki nyumbani kwetu Ganako.

Alinikabidhi kwa mikono miwili. "Kwetu mtu hafugi ng'ombe wote boma moja," akasema. "Unampa rafiki wa mbali jike mmoja. Ugonjwa ukipita kwako, haupiti kwake. Na tangu siku hiyo mnaacha kuitana majina. Mnaitana Pakiteng."

"Maana yake?"

"Mtu tuliyepeana ng'ombe."

Tangu siku ile hakuniita tena dada wala ndugu. Akiingia ofisini asubuhi, rubega imejaa vumbi la barabara ya watalii, utamsikia mlangoni: "Pakiteng, umeamkaje?" Nami nikaitika kwa jina hilohilo. Nimeitwa mengi maishani, na sijawahi kupewa jina lenye uzito kama lile.

Macho yakazidi. Ikafika siku alisoma nane mahali pa tatu na nusu ya kata ya Arash ikaonekana haijachanjwa. Daktari alisema lazima kope zipasuliwe na kugeuzwa, na kwamba amechelewa. Gari la mradi lilimpeleka hospitali Arusha. Kabla ya kupanda alinishika mkono.

"Vipande vipo?"

"Vipo."

"Vitunze. Nikirudi siwezi kuviandika mara ya pili. Najua."

Alijua. Na mimi nilijua kwamba hakuwa anazungumzia idadi ya kazi. Kulikuwa na kitu kimoja duniani ambacho macho yake yalikuwa yamenunua kabla hayajazimika, nacho kilikuwa kwenye disketi mbili.

Mtaalamu alikuja wiki chache baadaye, mtu mwema, mchangamfu, na zawadi ya mkate wa mjini. Alileta toleo jipya la lugha. Disketi zilikuwa adimu kwake kama kwetu, kwa hiyo alifanya lililo la busara: alichukua disketi yetu ya lugha, akaifuta, akaandika lugha mpya juu yake. Mimi nilikuwa nimekwenda kupanga foleni ya dizeli.

"Sasa safi kabisa," aliniambia niliporudi. "Mlikuwa na takataka nyingi humo."

Akapanda gari kwenda kreta. Nikawasha mashine, nikaita kipande cha miaka. Mashine ikazungusha disketi, ikanguruma, ikasema haikioni. Nikaita tena. Sikulia, maana alikuwa bado yupo yule ng'ombe aliyewekwa kwa rafiki, disketi ya nyumbani. Nikafunga ofisi nikatembea kwenda Ganako, katikati ya mashamba ya kahawa, nikijiambia kila hatua kwamba ndiyo maana aliitaka ile ya pili.

Sanduku langu lilikuwa chini ya kitanda. Nguo zilikuwapo, daftari za shule zilikuwapo. Disketi haikuwapo.

Mama alikuwa jikoni anachochea ugali.

"Mama, kile kitu cheusi cha mraba, chembamba, kilichokuwa sandukuni?"

"Cha yule kijana wa Kakesio? Nimekiweka salama." Alifuta mikono. "Panya walianza kuzunguka sanduku lako, mwanangu. Na ulisema ni mali ya mtu, kikipotea hakipatikani tena."

"Umekiweka wapi?"

Akaelekeza mwiko juu.

Kila nyumba ya kwetu ina dari la fito juu ya jiko. Hapo ndipo mahindi ya mbegu hutundikwa yakiwa na maganda yake, moshi uyapitie mwaka mzima, bungua asiyaguse. Hapo ndipo mama alipoweka mbegu ya maharage, cheti changu cha ubatizo, kadi za kliniki za watoto wake wote, na wawili kati yao hawakuwa hai tena. Katika maisha yangu yote sikuona kitu kilichowekwa darini kikaharibika. Hakuna mahali patakatifu zaidi katika nyumba ile.

Nilipanda juu ya kinu nikaipapasa. Ilikuwa kati ya mahindi mawili. Joto lilikuwa limeikunja kidogo kama jani la mgomba linapowekwa karibu na moto, na katika kile kidirisha cha kusomea masizi yalikuwa yameganda, ya kahawia, yenye mafuta. Ilinuka kama nyumba yetu.

"Imekuwaje?" mama akauliza. Alikuwa anautazama uso wangu, si disketi.

"Hiki hakitaki moshi, mama."

"Hakitaki moshi?" Alikaa kwenye kigoda. Ugali ulianza kuungua na hakuugeuza. "Kitu gani hicho kisichotaka moshi?"

Sikuweza kumweleza. Hata leo, ninapotafuta maneno kwa ajili ya kazi yangu ya uandishi, sijapata maneno ya kumweleza mama kwamba mahali pema kuliko pote alipopajua ndipo palipokiua.

Mwenzangu alirudi mwishoni mwa mwezi. Jicho moja lilikuwa limekuwa jeupe kama maziwa. La pili liliona mwanga na vivuli vya watu. Alikuja ofisini akipapasa ukuta, akaketi kwenye kiti chake, akaweka mikono juu ya vibonye vya mashine bila kuvibonyeza. Mradi ulikuwa umemwandikia kwamba gari litampeleka nyumbani Kakesio baada ya siku chache, asirudi kazini tena.

"Vipo?" akauliza.

Nilimwambia yote kwa mfululizo: mtaalamu na mkate wake, sanduku, panya, dari. Sikumficha kitu na sikumwombea mtu msamaha. Alisikiliza akiwa ameelekeza uso dirishani. Lori la ngano lilipita barabarani, na vumbi lake likafika ndani.

"Sawa, ndugu," akasema.

Ndugu. Neno hilo lilikuwa la kila mtu miaka ile, la mwenyekiti wa kijiji na karani wa posta. Lilinipata kama mlango uliofungwa taratibu.

Kisha akanyoosha mkono. "Ilete."

Alinusa kwanza. Akaipapasa kingo, akaisikia ilivyokunjika. "Moshi wa mti gani?"

"Mjohoro na magunzi."

"Ipasue."

Nikapasua ganda lake kwa wembe, nikatoa lile bamba laini la ndani, jepesi kama ngozi ya kitunguu. Nikalifuta kwa pamba na maji ya sabuni, yeye akilishika ukingoni kwa ncha za vidole jinsi anavyoshikwa ndama anayezaliwa. Tulilikausha kivulini. Tukalivisha ganda la disketi nyingine iliyokwisha kufa, nikaiingiza mdomo wa chini.

Mashine ilinguruma, ikasita, ikakwaruza. Yeye aliinamisha kichwa.

"Hapo imeshika," akasema. "Hapo imeteleza. Subiri. Imeshika tena."

Vipande vyangu vilitoka vizima, na sikuwahi kufurahia kitu kidogo hivyo. Cha kwake kilitoka nusu. Chapa ilikuwapo pale juu, mistari miwili na bano. Miaka ya Arash ilikuwapo yote. Miaka ya Kakesio ilikatika njiani, na hesabu ya misimu, ambayo ndiyo iliyokuwa akili ya kipande kizima, haikuwapo kabisa.

Siku zilizobaki tulizitumia pale, jenereta ikiwa na dizeli au tukiisubiri. Nilimsomea kila mstari uliopona kwa sauti, naye akaniambia unaofuata. Mingine aliikumbuka kama njia ya kwenda kisimani. Kwa mingine alikunja paji la uso, akasema, "Hapo sikumbuki nilifanyaje. Fanya wewe." Nikafanya. Nilimsomea niliyoyaandika, akasikiliza, akasema, "Yangu ilikuwa fupi zaidi." Au, mara moja tu, "Hii inazidi yangu. Iache."

Miaka ya Kakesio tuliirudisha mmoja mmoja. Mwaka wa mbuzi kutoa macho. Mwaka wa mkwe kurudishwa. Mwaka nyasi zilipoota mara mbili. Halafu akakwama.

"Kuna mwingine hapa katikati."

Nikaweka vidole juu ya vibonye.

"Bibi alinitajia tukiwa tunakamua. Alicheka alipoutaja. Nakumbuka alivyocheka." Akaufunika uso kwa viganja. "Jina silipati."

"Tutamwuliza."

"Amefariki. Nikiwa hospitali."

Hapakuwa na wa kumwuliza, wazee wa rika lake walikuwa wametawanyika na mifugo. Tuliuacha mwaka ule wazi. Nafasi yake imo ndani ya kipande mpaka leo, mstari wenye namba na hauna neno, na programu ikifika hapo inapita kama mtu anavyopita mbele ya nyumba iliyohamwa.

Kilipokwisha aliuliza, "Chapa umeiweka?"

"Ilipona. Iko palepale."

"Weka na yako chini yake."

"Sisi hatuna chapa za namna hiyo."

"Basi weka jembe," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nikamwona akitabasamu. "Mtajulikana tu."

Nikachora jembe kwa herufi, baya, lenye mpini uliopinda.

Tukaja tena kwenye lile swali la zamani, na safari hii sikushindana naye. Kwenye disketi ya lugha tusiweke kitu, hata kwa siku moja. Mashine itazoea kuelekezwa mdomo wa chini, na sisi tutazoea kuielekeza. Disketi moja ya vipande ikae ofisini, kwenye bati la maziwa ya unga lililofungwa kwa mpira. Moja aende nayo yeye Kakesio.

"Kakesio hakuna hata umeme," nikasema.

"Ng'ombe hapelekwi penye umeme. Anapelekwa penye mtu."

"Na ya tatu?"

"Nipeleke kwa mama yako."

Tulikwenda Ganako kwa miguu, mkono wake begani mwangu, fimbo yake mbele. Mama alituona tukiingia uani, akaacha kupepeta. Tangu siku ya dari alikuwa hajataja jambo lile, lakini kila nilipotoka kazini alinitazama mikono kabla hajanitazama usoni. Alimpa mgeni kigoda na kibuyu cha maziwa. Kisha akasimama mbele yake kama mtu aliyeitwa barazani.

"Baba," akasema, "mimi ndiye niliyekiweka kule juu."

"Nimeambiwa, mama."

"Sikujua."

"Kwetu pia, kitu kikiwa cha thamani kinawekwa karibu na moto." Alitoa disketi mpya ndani ya rubega, imefungwa nailoni, akainyoosha kuelekea sauti yake. "Nimekuja unitunzie tena."

Mama hakunyoosha mkono. "Mimi?"

"Wewe. Hiki hakitaki moshi, hakitaki jua, hakitaki maji."

"Na panya?"

"Panya ni kazi yako," akasema, na mama akacheka bila kutaka, akaipokea kwa mikono miwili kama kijana yule alivyonikabidhi mimi zamani. Akaingia nayo chumbani. Tulisikia mfuniko wa sanduku lake la harusi, lile la bati ambalo hata sisi watoto hatukuruhusiwa kuligusa, ukifunguliwa na kufungwa.

Gari lilimkuta palepale kwetu jioni, maana njia ya kupanda kwenye kreta inapita karibu. Alipokwisha kuketi alitoa mkono dirishani, akautafuta wangu.

"Pakiteng," akasema.

Nikaitika. Kisha akaita tena, kwa sauti iliyovuka bega langu mpaka mlangoni mwa jiko.

"Pakiteng!"

Mama alitazama nyuma yake, aone anaitwa nani. Gari likaondoka na vumbi lake.

"Ameniita nini?" akaniuliza.

Nikamweleza. Alibaki amesimama uani, binti wa watu walioishi chini ya ardhi kwa kuwaogopa watu wa yule, macho yake kwenye barabara inayopanda msituni.

"Ungemwambia," akasema mwishowe, "ng'ombe wake yupo. Mwambie kila ukimpata mtu wa kwenda huko. Yupo, na panya hawajamgusa."